Saa za kuandika ni za mkopo

Mama yangu alikuwa na genge Makorora, hapa Tanga, na chini ya meza ya nyanya kulikuwa na daftari la madeni. Ukichukua fungu la mchicha bila hela, unaandikwa. Ukilipa, unapigiwa mstari. Nilipoanza kuandika riwaya, sikudhani daftari lile lingenihusu.

Nafundisha Kiswahili sekondari. Nina watoto watatu, mume anayefanya kazi kwa zamu, na mama mkwe ambaye huja kukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka. Wanaoanza kuandika huniuliza, "Muda unaupata wapi?" Jibu langu la zamani lilikuwa zuri: naamka saa kumi alfajiri. Ni kweli naamka. Lakini anayeamka saa kumi huanza kusinzia saa mbili usiku, wakati mtoto ameleta daftari la hesabu na mume ndiyo kwanza anataka kuongea. Muda sikuupata popote, niliukopa. Kwa hiyo kabla hujajisifia nidhamu, keti uandike majina ya wanaokudai.

Mkopeshaji wangu mkubwa nilichelewa sana kumwona. Ni dada wa kazi. Zamani uji na sare za shule tulisaidiana. Nilipoingia kwenye riwaya, vyote vikamwangukia yeye, na wala sikumwambia. Vilihama tu kimya kimya. Kitabu kilipotoka, ukurasa wa shukrani ulijaa: Mungu, wazazi, mume, mhariri, mpaka mwalimu wangu wa darasa la nne. Siku boksi la nakala lilipofika, alichukua moja, akaifuta kwa kanga, akauliza, "Mama, na mimi nimo humu?" Nadhani alitaka kujua kama nimemfanya mhusika. Mimi nilikosa pa kutazama.

Sasa Jumamosi asubuhi ni zake. Anajifunza cherehani kwa fundi mmoja mtaa wa pili na ada natoa mimi, nje ya mshahara. Jumamosi hiyo siandiki, nafua. Hesabu yangu ni maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hayo ni 1,500, na riwaya ya maneno 50,000 inataka wiki 33 na ushee, kwa rasimu ya kwanza tu. Ningeandika siku zote saba ningeokoa wiki tisa hivi. Nimezipima wiki hizo tisa mara nyingi, na sioni ningezifanyia nini zaidi ya kununa nikisubiri majibu ya mchapishaji.

Sisi watu wa Tanga tukizungumzia uandishi hatuchelewi kumtaja Shaaban Robert. Utaambiwa: mbona yeye alikuwa karani wa serikali tangu 1926, na vitabu akaandika? Ni kweli, na mimi namwheshimu kuliko wengi. Ila nikiambiwa hivyo huuliza nani alikuwa akimpikia. Jambo lake ninalolipenda zaidi si wingi wa vitabu. Ni kwamba Utenzi wa Hati alimwandikia binti yake, na wa Adili mwanawe wa kiume. Katika zile saa alizokaa mezani, walau nyingine zilirudi kwa watoto wenyewe.

Mama mkwe ana kisa chake. Aliona mwanga wa simu chumbani kwetu alfajiri, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu (naandikia kwenye simu, kompyuta inaamsha watu). Akamwambia shangazi wa mume wangu kwamba kuna mwanamke humu anachati saa kumi usiku. Maneno yalinifikia yakiwa yameshanenepa. Nilitaka kununa, nikaona heri nimsomee. Akiwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, nilimsomea sura ya wavuvi: kijana ametega dema, ule mtego wa samaki, akavuta sigara, akalivuta dema limejaa changu. Aliacha kukuna. "Mwanangu, hilo dema lako litatoka tupu. Dema linalala baharini. Hilo si birika la chai ulisubiri lichemke." Amezaliwa Kigombe, kaka zake wote wavuvi, na mimi nilikuwa nimehangaika na sura ile mwezi mzima bila kumuuliza. Siku hizi shangazi akipiga simu huambiwa, "Yuko kazini." Kama una mtu nyumbani anayeichukia kazi yako, angalia kwanza kama umewahi kumwonyesha ni kazi gani.

Marafiki wa vitabu ndio wanaonipa furaha kubwa, na ndiko nilikovuruga. Tuko wanne: muuguzi, karani mstaafu, mama anayeuza vitabu vya mitumba, na mimi. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 tulikuwa na hamu ya kumsoma kwa lugha yetu. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilipotoka mwaka uliofuata, tulichanga tukanunua nakala moja ikazunguka nyumba nne. Ilirudi kwangu ina mafuta ya samaki ukurasa wa kwanza na mabishano ya penseli pembeni. Mabishano hayo ndiyo yaliyonifundisha nani nimpe mswada wangu. Msome kwanza mtu akigombana na kitabu cha mwingine. Anayesema "kizuri sana" kwa kila kitabu ni rafiki mwema wa kunywa naye kahawa, mswada usimpe.

Wala usiulize "umeionaje?" Hilo swali linaomba sifa. Mimi huuliza, "Ulikiweka chini ukurasa wa ngapi?" Muuguzi, ambaye husoma akitoka zamu ya usiku, alinijibu bila huruma: ukurasa wa 40 alilala, wa 41 aliurudia mara mbili, wa 60 akaenda kuosha vyombo. Nilikasirika wiki mbili. Kisha nikafuta sura nzima kati ya ukurasa wa 38 na wa 61, na hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza imekwenda wapi. (Makundi ya WhatsApp ya waandishi, yale ya salamu na maua kila asubuhi, nimeyazima sauti. Sina zaidi la kusema juu yake.)

Nilikovuruga ni kwa huyu muuza vitabu. Miaka ile alipoachika alikuwa akija jikoni kwangu kulia, nami nikimsikiliza kwa moyo wote, nadhani. Baadaye talaka ile ikaingia kwenye riwaya. Nilibadilisha jina, nikahamishia mambo Morogoro, nikampa mhusika watoto wanne badala ya wawili. Nikasahau birika. Birika lake lina mkono uliovunjika, umefungwa waya, na mumewe alikuwa amedai hata hilo alichukue. Nililiacha kama lilivyo kwa sababu lilikuwa zuri. Alijitambua kwa birika. Miezi minne hakunisemesha. Nilikwenda kwake mara mbili, mara ya pili akanikaribisha, tukanywa chai, na chai yenyewe ilitoka kwenye birika lilelile.

Amerudi kwenye mikutano yetu. Lakini akianza kusimulia jambo hunitazama kwanza, kisha hulifupisha. Deni hilo sijui mstari wake utapigwa lini. Siku hizi nikitaka kitu cha mtu nakiomba kabla, nikiwa nimekaa mbele yake, na wapo wawili walionikatalia. Hadithi zao ninazo kichwani na hazitatoka.

Wiki iliyopita karani mstaafu aliniletea mfuko wa plastiki. Ndani kuna kaunta buku nne, mwandiko wa kalamu ya bluu, riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 67. Alisema maneno machache tu: "Nitakuuliza ukurasa." Kwa hiyo saa kumi alfajiri za mwezi huu si zangu. Jana nililala ukurasa wa 18, nikauwekea alama ya penseli pembeni.