Majani saba ya mwarobaini na mama aliyejua kila kitu

Juzi usiku, saa nne kasoro, nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msomaji mmoja wa Handeni. "Dada, shikamoo. Mwanangu ana miaka mitatu, leo homa siku ya tatu. Nina mwarobaini uani. Nimchemshie majani mangapi?"

Nilikuwa naosha vyombo. Nikakaa juu ya ndoo na mikono yangu ya povu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, karibu kwa maneno hayo hayo, na nikajijibu mwenyewe. Jibu langu lilikuwa saba.

Mnaonisoma siku nyingi mnanijua mimi wa mchaichai, mimi wa kivumbasi, mimi niliyewafundisha kukausha majani ya mlonge kivulini yasipoteze rangi. Hii ya mwarobaini sijawahi kuiandika. Miaka yote hii nimeizunguka kama mtu anayezunguka shimo la choo gizani.

Nimelelewa na bibi yangu, Mbondei, katika kijiji kimoja cha Muheza, huko ambako ukiinua macho unaona milima ya Amani na ukiyashusha unaona michungwa. Bibi hakuwa mganga, na ukimwita mganga ananuna siku mbili. Alikuwa anajua miti, basi. Mtu akija na jino anapewa karafuu, aitafune taratibu upande ule ule na aiache pale pale. Ganzi inaingia, uso unakunjuka. (Mafuta hayo hayo ya karafuu na daktari wa meno anayo kichupani, ndiyo maana chumba chake kinanukia pilau.) Tumbo la kuharisha, machipukizi ya mpera. Mafua, mchaichai na tangawizi. Aliyeungua, anakatiwa jani la mshubiri, utomvu wa njano unaachwa uchuruzike wote kwanza, ndipo anapakwa ule ute wa ndani. Utomvu wa njano ulikuwa na kazi yake nyingine: kupakwa kwenye chuchu za mama anayemwachisha mtoto ziwa. Kwa uchungu ule mtoto haulizi mara ya pili.

Kila kitu kwake kilikuwa na kipimo. Hakuwa na saa wala mzani, ila alikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kina kovu karibu na ukingo, na dawa ilifika kwenye kovu, si juu yake si chini yake. Mtoto wa kunyonya hakupewa dawa ya miti ya kunywa. Mjamzito hakuonjeshwa mshubiri hata tone. Na alikuwa na neno lake ambalo sisi wajukuu tulikuwa tunaliimba kwa kumuigiza: "Siku mbili zangu, ya tatu ya hospitali."

Kikombe nilikirithi. Neno nikalisahau.

Mei 2015, masika yamekolea, tunaishi Tanga mjini, chumba na sebule, nyuma kuna mtaro uliosimamisha maji. Mwanangu wa kwanza ana miaka mitatu na nusu. Mimi ndiyo kwanza nimeanza kuuza: unga wa mlonge, mchaichai uliokaushwa, mafuta ya mbono. Wateja wanakuja mpaka kutoka Pongwe. Nilikuwa nimevimba kichwa, niseme tu ukweli. Nilikuwa nimeapa kwamba kidonge hakitavuka kizingiti changu, na najua wengi wenu mnaonisoma mna kiapo cha namna hiyo, maana sote tunatamani nyumba ambayo dawa zake ziko uani na si kwenye droo.

Jumatatu jioni mtoto akachemka. Majani saba, nusu kikombe, kutwa mara mbili. Alilia, nikambana pua ameze. Jumanne asubuhi kaamka anagonga vifuniko vya sufuria, anataka chapati. Mnadhani nilifanya nini? Niliwapigia simu watu watatu kuwasimulia.

Hapa pana jambo nililokuja kuelezwa baadaye, na kama utaacha kusoma njiani basi usiache kabla ya hapa. Homa ya malaria inapanda na kushuka. Vimelea vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaliana humo, vinazipasua na kutoka, na wakati wa kupasua ndipo mwili unapowaka na kutetemeka. Vikishajificha kwenye chembe nyingine joto linashuka, mgonjwa anatoka jasho, anaomba uji. Kwa malaria inayotusumbua zaidi huku kwetu, mzunguko huo ni wa saa 48 hivi, ingawa kwa watoto mara nyingi haufuati saa. Kwa hiyo mpe mtoto mwarobaini, mpe maji ya dafu, muimbie taarabu: homa itashuka. Wewe utausifu mwarobaini, na kila mzunguko unaondoka na damu yake.

Jumatano usiku homa ikarudi. Nikaongeza, majani kumi na manne. Bibi angenichapa. Alhamisi mtoto akawa hachezi, anataka kubebwa tu, mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Ijumaa nikageuza viganja vyake nikavikuta vyeupe kama nyama ya nazi, nikajiambia ni ule mwanga wa taa. Usiku huo akashikwa na degedege.

Jirani mmoja akaapa kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa hapo hapo, atafutwe mtu mwenye mavi ya tembo afukizwe. Hilo mnalijua, ni la zamani, na limeua watoto wengi. Mume wangu siku hiyo hakubishana na mtu. Alimfunga mtoto kwa khanga yangu, akatoka barabarani bila viatu, akasimamisha bajaji.

Damu ilikuwa nne, yaani chini mno. Daktari akaniuliza tumempa dawa gani. Nikasema panado.

Nilidanganya. Mtoto amelegea mikononi mwangu na mimi nalinda jina langu la biashara. Muuguzi akainama, akanusa fulana ya mtoto aliyokuwa ameitapikia, akaniangalia. "Huu mwarobaini," akasema, kisha kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho: "Karibu, mama mganga." Wodi nzima ikanigeukia. Nimesamehe mambo mengi maishani. Hilo bado nalifanyia kazi.

Siku sita za wodini nitaziruka. Aliyewahi kulala sakafuni chini ya kitanda cha mtoto anazijua. Aliongezewa damu mara mbili, mume wangu na kaka yangu wakatoa zao kurudishia. Akachomwa sindano za artesunate, dawa ya malaria, akamalizia na mseto, vile vidonge vya malaria. Akatoka anatembea. Sasa yuko sekondari, ananizidi urefu, na akiona mti wa mwarobaini anavuka upande wa pili wa barabara.

Wifi yangu, kwenye arusi ya watu, alisema nilimlisha mtoto magome. Yalikuwa majani, wifi. Majani.

Oktoba mwaka huo huo nilikuwa naroweka maharage, redio ikatangaza washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mmoja wao ni mama wa Kichina, Tu Youyou, aliyeongoza kazi ya kutoa dawa ya malaria kwenye mmea wa artemisia. Nikasikiliza, nikasikiliza, nikagundua kwamba ile sindano ya wodini ilitengenezwa kutokana na kitu hicho hicho. Mwanangu alikuwa ameponywa na jani. Ila halikuwa langu.

Nilikaa na habari ile wiki nzima, nikatafuta kila nilichoweza kusoma. Yule mama na wenzake walipitia maandishi ya tiba za kale za Kichina, wakakuta moja la miaka zaidi ya 1,600 linalosema mmea ule uloweshwe kwenye maji, ukamuliwe, anywe mgonjwa. Hakuna kuchemsha. Akahisi kwamba moto ndio uliokuwa unaiharibu dawa, akabadili njia, akaitoa kwa kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dawa ikaanza kuonekana. Mimi nilikuwa nachemsha mpaka sufuria inatoa moshi.

Na msije mkakimbilia chai ya artemisia kwa sababu nimeitaja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu malaria, na sababu yake bibi angeielewa mara moja: jani la shamba hili na la shamba lile hazilingani nguvu, hujui umempa mgonjwa kiasi gani, na dozi pungufu inavifundisha vimelea usugu. Ni kukosa kovu kwenye kikombe.

Tena nisiende mbali Uchina. Juu ya kijiji chetu, pale Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda mikwinini, mti ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, wakatengeneza kwinini huko huko kwa magome yake. Mpaka leo Muheza kuna kituo cha watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na malaria ni kazi yao. Nimekulia jirani na watu wanaohesabu mbu miaka nenda miaka rudi, halafu mwanangu nusura afe kwa malaria mikononi mwangu, na mimi nina sufuria jikoni.

Sasa nisikilizeni, na anayetaka kuniita mama mganga aniite.

Kiswahili chetu kina neno moja, kipimo, kwa mambo mawili: kiasi cha dawa, na kile anachokufanyia mtu wa maabara. Bibi alikuwa na la kwanza na kwa la pili akakuachia njia ya hospitali. Sisi siku hizi hatuna hata moja. Mtu anashika konzi ya majani, anakadiria, na ugonjwa wenyewe anaukadiria pia. Homa ya mtoto pima. Tone moja la damu kidoleni, unasubiri kama robo saa, unajua. Ikiwa siyo malaria utarudi nyumbani na mchaichai wako upo pale pale, haujakimbia. Ikiwa ndiyo, anywe mseto wote wa siku tatu hata akichangamka siku ya pili, na anywe na maziwa au uji wa karanga, kwa sababu dawa ile inapenda mafuta. Lakini pima kwanza.

Mtoto anaharisha? Machipukizi ya mpera mpe baba yake. Kinachomuua mtoto ni maji yanayotoka, kwa hiyo yeye mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari, pakiti kwa lita moja ya maji safi, na zinki, na ukiona macho yameingia ndani au damu kwenye choo, ondoka. Kikohozi, tangawizi na asali, ni nzuri mno, naitumia hata leo. Ila asali usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kujifukiza mkaratusi, sawa, wewe mtu mzima. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa chini ya mablanketi, na ninamjua mtoto mmoja mwenye kovu la paja kwa sufuria iliyopinduka. Kitunguu saumu kibichi usikifunge kwenye ngozi, kinababua. Na ukiulizwa na daktari umempa nini, sema. Sema hata kama ni mavi ya tembo. Aibu yangu ya dakika moja ingeweza kumpotosha aliyekuwa anataka kumwokoa mwanangu.

Wenye chupa moja inayotibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume sitaki hata kuwaongelea leo, nitachafua moyo. Tanzania ina sheria ya tiba asili tangu 2002 na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muulize muuzaji namba ya usajili uone anavyoanza kutafuta chenji.

Na huyo muuguzi? Mwaka 2019, dengue ilipotusumbua, alikuja bustanini kwangu kununua miche ya kivumbasi ya kupanda dirishani. Hakunikumbuka. Nikamwambia asitegemee mche peke yake, mbu wa dengue anauma mchana, amwage maji kwenye makopo na matairi ya uani. Nikamuuzia bei ile ile ya watu wote. Karibu ile ile.

Kwa mdogo wangu wa Handeni nilijibu na povu mkononi: usichemshe kitu, anakunywa maji? anakojoa? mgeuze viganja utazame. Akasema viganja sawa, ila baba mtoto yuko safari na bodaboda ya usiku wanataka elfu kumi. Nikamtumia elfu kumi. Akanyamaza. Sikulala vizuri, na mume wangu, anayejua kwa nini, hakuniuliza.

Saa moja asubuhi ikaingia picha: kipimo chenye mistari miwili, pembeni pakiti ya mseto. Chini yake ameandika, "Dada, kwa hiyo ule mti niukate?"

Nikamwambia auache. Una kivuli kizuri, na siku mtoto akitoka vipele vya joto aje tuzungumze majani mangapi ya kumkogea.