Maswali ya Wasomaji: Kozi Zimekwisha, Shahada ya Uzamili Bado Inadai Nini?

Barua tunazozijibu safari hii zimetoka mikoa ya Kigoma na Tabora, na karibu zote zinazunguka jambo moja: ni lini hasa mtu anaweza kusema amemaliza shahada ya uzamili. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kwa ombi la waandishi wenyewe.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu na ninasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili kwa njia ya masafa. Kozi zote nimefaulu, na wenzangu shuleni wananiambia kilichobaki ni kuchapa tasnifu na kuipeleka. Nakusudia kutafiti athari za Kiha, lugha ya Waha wa huku kwetu, katika insha za wanafunzi wa kidato cha pili. Je, ni kweli nimebakiza hatua moja tu? Na tasnifu naruhusiwa kuiandika kwa Kiswahili? – Mwalimu, Kasulu

Marahaba, Mwalimu. La mwisho nalijibu kwanza kwa kuwa ni fupi: ndiyo, unaruhusiwa. Wanaosoma uzamili wa Kiswahili katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vilevile katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, huandika tasnifu zao kwa Kiswahili. Omba nakala mbili tatu za waliokutangulia uone mpangilio wake, kuanzia ithibati (uthibitisho wa msimamizi), ikirari (tamko kwamba kazi ni yako) na ikisiri (muhtasari) hadi viambatisho.

Hilo la hatua moja si kweli, na wenzako wanakupongeza mapema mno. Mfumo unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, unataka shahada ya uzamili isipungue krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani saa 1,800 kwa jumla ukichanganya masomo, kujisomea, mitihani na utafiti. Kozi ulizofaulu ni sehemu ya hesabu hiyo. Tasnifu ina fungu lake, na fungu hilo lisipotimia hakuna shahada, hata kama katika kila kozi ulipata A. Wapo watu wengi waliokwamia hapo ulipo wewe leo: wamemaliza kozi, wamerudi kazini, ratiba ya darasani haipo tena ya kuwasukuma, na mwaka unakatika bila pendekezo la utafiti kufika idarani.

Pendekezo ndilo linalofuata, na mada yako, kama ulivyoiandika, haitapita. Athari zipi? Za tahajia, za upatanisho wa kisarufi, za msamiati, au za muundo wa sentensi? Chagua moja. Halafu jiandae kwa swali ambalo lazima litaulizwa kwenye semina ya idara: utajuaje kwamba kosa fulani limetokana na Kiha, na si na mazoea ya kuandika ujumbe wa simu au na ufundishaji wenyewe? Kasulu iko karibu na mpaka wa Burundi, na Kirundi kinakaribiana mno na Kiha; utahitaji kueleza namna utakavyowabaini wanafunzi ambao lugha yao ya nyumbani ni Kirundi. Mwalimu anayechukua shule mbili, darasa moja kila shule, akachambua upatanisho wa kisarufi peke yake, ana tasnifu inayoandikika. Anayetaka wilaya nzima na makosa yote anajitafutia miaka.

Pendekezo likikubaliwa, usikimbilie darasani kukusanya insha. Unahitaji kibali. Katika vyuo vikuu vya umma, barua ya kibali cha utafiti hutolewa na Makamu Mkuu wa Chuo, aliyekasimiwa mamlaka hayo kwa niaba ya Serikali na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kwa upande wako itaelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kigoma, ofisi yake itaandika barua ya kukutambulisha ngazi ya chini, na mkurugenzi wa halmashauri ndiye atakayekufikisha kwa wakuu wa shule. Kumbuka kwamba Kasulu kuna halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya; shule moja ikiwa mjini na nyingine nje ya mji, utahitaji barua mbili, na ukiligundua hilo ukiwa tayari mlangoni kwa mkuu wa shule utarudi ulikotoka. Tembea na nakala zilizogongwa muhuri, na kila ofisi ikubakizie yako. Zaidi ya hayo, wanafunzi wa kidato cha pili ni watoto, kwa hiyo fomu ya ridhaa isainiwe na mzazi au mlezi, na majina yao yasionekane popote katika tasnifu. Usidhani kwamba kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wao ridhaa imeshapatikana. Kwa mtahini, hiyo ni sababu ya kukuuliza zaidi.

Baada ya kukusanya data, kuichambua na kuandika, na msimamizi kuridhika, bado unatoa taarifa ya kusudio la kuwasilisha. Baadhi ya vyuo huitaka miezi mitatu kabla, kwa sababu muda huo ndio idara inautumia kuteua watahini, wa ndani na wa nje. Wanaoipeleka taarifa siku ileile wanayopeleka tasnifu hulalamika baadaye kwamba chuo kimewachelewesha. Sioni haki ya lalamiko hilo.

Ripoti za watahini huweza kusema tasnifu imepita kama ilivyo, imepita kwa sharti la masahihisho madogo, imepita kwa sharti la masahihisho makubwa, irudiwe na kutahiniwa upya, au imekataliwa. Kupita bila hata nukta kuguswa ni nadra, hivyo ripoti ikija na masahihisho usihuzunike. Kuwepo kwa utetezi wa ana kwa ana mbele ya jopo kunategemea kanuni za chuo na aina ya programu; wanaosoma kwa tasnifu pekee kwa kawaida hawaukwepi, ila wa kozi na tasnifu, kama wewe, wasome kanuni za chuo chao.

Mahali ninapopenda kukaa kidogo ni kwenye masahihisho hayo, maana ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Tengeneza jedwali la safu tatu: ya kwanza maneno ya mtahini kama alivyoyaandika, ya pili ulichofanya, ya tatu ukurasa ambapo badiliko linaonekana. Mtahini akiandika, «Mtafiti hajaeleza sababu za kuchagua shule hizi», usijibu «Imerekebishwa». Andika: «Aya mbili zimeongezwa katika sehemu ya eneo la utafiti, zikieleza lugha ya nyumbani ya wanafunzi wa kila shule», kisha taja ukurasa. Pale usipokubaliana naye sema hivyo kwa adabu na utoe sababu; hoja yenye ushahidi husikilizwa. Msimamizi, au yeyote aliyeteuliwa na idara, ndiye anayethibitisha kwamba jedwali na tasnifu vinakubaliana, na bila uthibitisho huo jina lako haliendi mbele.

Jina likienda, linapita kwenye vikao vya kitivo au ndaki (muungano wa idara chuoni) na vya shahada za juu, kisha Seneti, chombo cha juu cha chuo katika mambo ya taaluma. Siku Seneti inapoidhinisha matokeo yako ndiyo siku uliyomaliza, Mwalimu. Kabla ya hapo wewe bado ni mwanafunzi, na usajili wako na ada vinatakiwa viwe hai.

Mhariri, mimi ni mtumishi wa halmashauri hapa Tabora. Nilimtumia msimamizi wangu sura mbili za kwanza na sijapata jibu. Nikimpigia anasema «nitaangalia». Naogopa kumshtaki kwa kuwa yeye ndiye mwenye kunipitisha. Muda wa usajili unaelekea ukingoni. – Mtumishi, Tabora Mjini

Ndugu yangu, pole. Si lazima kuanza na kushtaki. Simu haiachi kumbukumbu, na msimamizi mwenye wanafunzi wengi, madarasa na vikao huisahau akishakata. Andika barua pepe fupi yenye swali linaloweza kujibiwa kwa dakika tano: «Mwalimu, kwa heshima naambatisha sura ya pili. Naomba mwongozo wako katika jambo moja: je, nadharia niliyoichagua ukurasa wa nane inatosha kuyabeba malengo yote matatu, au niongeze nyingine?» Anayetumiwa kurasa arobaini pamoja na maneno «naomba uipitie» huziweka pembeni akisubiri siku yenye nafasi, na siku hiyo haiji.

Sambamba na hilo, jaza ripoti ya maendeleo ambayo kanuni za shahada za juu zinakutaka uijaze kila baada ya kipindi fulani. Ripoti hiyo ina sehemu ya kueleza vikwazo, na ukiandika humo kwamba sura mbili ziliwasilishwa tarehe fulani na hazijarudi, umelifikisha jambo idarani bila kumsema mtu vibaya. Ikishindikana, nenda kwa mratibu wa shahada za juu wa idara. Kubadilisha msimamizi ni utaratibu unaotambulika, na hakuna atakayeuona kuwa uasi. Kama chuo chako ni Huria, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kina kituo Tabora, na mkurugenzi wa kituo anaweza kukufuatilia kwa njia za ofisi bila wewe kupanda treni kwenda Dar es Salaam.

Kuhusu muda: omba nyongeza kabla usajili haujakoma. Ombi linaloletwa mapema, likiwa na ratiba ya kazi iliyobaki na maoni ya msimamizi, lina nafasi nzuri kuliko la mtu aliyekwisha kufutwa kwenye orodha. Na jiulize pia, kwa uaminifu, kama kati ya sura ya kwanza na ya pili hukupotea wewe. Ninazo barua za wasimamizi vilevile.

Utafiti wangu unahusu wachuuzi wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Barua ya kibali haijafika. Je, naweza kuanza mahojiano ili nisipoteze muda? Na rafiki yangu anayetaka kutafiti wageni wanaotembelea Hifadhi ya Taifa ya Gombe anahitaji kibali tofauti? – Mwanafunzi, Ujiji

Usianze. Data iliyokusanywa kabla ya kibali mtahini anaweza kuikataa yote, na tarehe za mahojiano zitakuumbua. Muda huo wa kusubiri utumie kulijaribu dodoso kwa rafiki zako wanaoifahamu biashara hiyo, ili uone maswali yasiyoeleweka, kisha majibu yao uyatupe.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini ni kubwa kuliko kibali, ni kalenda ya ziwa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Mtu aliyekuwa amepanga kukusanya data mwezi Juni kuhusu biashara ya kawaida angewakuta wachuuzi wako katika hali tofauti kabisa. Fuatilia matangazo ya Serikali kabla ya kupanga miezi yako, au geuza usitishaji wenyewe uwe mada: wachuuzi wanaishije dagaa wanapoadimika? Binafsi ningechukua hilo la pili.

Rafiki yako ndiyo, anahitaji kibali zaidi. Utafiti ndani ya hifadhi ya taifa unapitia Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, na wenye hifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Na kwa wanaotuandikia kutoka hospitalini: utafiti wa afya unaohusisha wagonjwa unahitaji kibali cha maadili kutoka kamati ya chuo inayotambulika au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kadiri aina ya utafiti inavyotaka.

Kuna steshenari hapa wanaandikia watu tasnifu kwa malipo, na wanasema inapita kwenye programu ya kukagua wizi wa kitaaluma. Nina kazi, familia na shamba la tumbaku. Je, nikinunua halafu nikaisoma vizuri, kuna ubaya? – Msomaji, Urambo

Upo. Kwenye ikirari utasaini kwamba kazi hiyo ni yako mwenyewe, na saini hiyo itakuwa ya uongo hata kama umeisoma tasnifu mara ishirini. Programu kama Turnitin hulinganisha maandishi na yaliyokwisha kuwekwa kwenye hazina yake. Kupita hapo maana yake ni kwamba maneno hayakufanana na mengine, haina maana kwamba uliyaandika wewe. Watahini nao huuliza mambo ambayo steshenari hawayajui: ulimkuta nani siku ya kwanza, kwa nini sampuli ilipungua, kwa nini jedwali la nne halikubaliani na maelezo yaliyo chini yake. Chuo kina uwezo wa kufuta matokeo na hata kunyang'anya shahada iliyokwisha kutolewa ikibainika ilipatikana kwa udanganyifu, na aliyekuandikia anabaki na siri yako pamoja na namba yako ya simu.

Msaada halali upo. Kumlipa mtu achape mwandiko wako, apange kurasa, au asahihishe lugha kwa ufahamu wa msimamizi, ni sawa. Ukiona msimu wa tumbaku unakubana, omba kuahirisha masomo kwa maandishi.

Nimepata C katika somo moja la uzamili. Shahada ya kwanza C ilikuwa ya kufaulu. Kwa nini naambiwa nina sapu, yaani mtihani wa marudio? – Nzega

Kwa sababu katika programu nyingi za uzamili nchini daraja la chini la kufaulu ni B. Fanya sapu nafasi ya kwanza itakapotangazwa.

Seneti imeidhinisha matokeo yangu lakini mahafali bado yako mbali, na mwajiri anataka cheti ili ashughulikie taarifa zangu. Nifanyeje? – Kigoma Mjini

Hongera sana. Cheti hutolewa baada ya shahada kutunukiwa rasmi, ila ofisi inayoshughulikia shahada za juu huweza kukupa barua inayothibitisha kwamba umekamilisha masharti yote na unasubiri kutunukiwa. Mpelekee mwajiri barua hiyo kwanza, ukijua kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi wa kuipokea kwa muda au kusubiri cheti.

Ili uipate, uwe umekwisha kuwasilisha nakala za mwisho za tasnifu zilizojalidiwa pamoja na nakala tepe (ya kielektroniki), umerudisha vitabu vya maktaba, na hudaiwi ada. Usipoweza kusafiri siku ya mahafali, shahada hutunukiwa hata kwa asiyekuwepo, na cheti utakifuata baadaye kwa kitambulisho. Kagua pia jinsi jina lako lilivyoandikwa katika orodha ya wahitimu inayotolewa kabla ya mahafali. Likipishana hata herufi moja na la cheti chako cha kidato cha nne, peleka marekebisho kabla vyeti havijachapwa.