Jibu: Je, laptopu ya nyumbani inahitaji programu ya ziada ya kuingilia?
Mkuu, umeuliza kama ununue programu ya kuongeza hatua ya pili (uthibitisho wa ziada baada ya nywila, kama namba ya kwenye simu) unapoingia kwenye laptopu yako ya Windows. Kwa matumizi ya nyumbani, hapana. Hizo zinawafaa zaidi watu wa ofisi wanaoingia kwenye mashine kutoka mbali. Windows Home yenyewe haipokei hata Remote Desktop (njia ya Windows ya kuitumia kompyuta kutoka mbali). PIN ya Windows Hello (mfumo wa kuingilia wa Windows wenyewe) inakutosha.

Ila nywila ya kuingia, hata uiwekee hatua tatu, haifungi diski. Mwizi akiwasha mashine kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta), au akachomoa diski akaichomeka kwingine, mafaili ambayo hayajasimbwa (hayajageuzwa yasisomeke bila ufunguo) anayasoma yote. Nenda Settings, tafuta Device encryption, yaani kusimba diski, iwashe. Ufunguo wa kurejesha, yaani namba ndefu ya kufungulia diski ukikwama, uandike karatasini (usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo, tafadhali). Usipoliona chaguo hilo, VeraCrypt, programu nyingine ya kusimba, ni ya bure.

Hatua ya pili iweke kwenye akaunti yako ya barua pepe, maana anayeishika hiyo anabadilisha nywila za akaunti zako nyingine. Na usitegemee SMS: matapeli wakihamisha laini yako, namba za uthibitisho zinakwenda kwao. Tumia Google Authenticator, programu ya simu inayotoa namba hizo yenyewe, au mfano wake.