Makao ya Paka Yamejaa, Nifanye Nini na Hawa Wanne?

SWALI: Mhariri, salaam. Mwezi uliopita paka wa mtaani alizaa watoto wanne katika stoo iliyo nyuma ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa. Juma lililopita niliwatia kikapuni nikawapeleka kwenye makao ya wanyama, nikarudishwa langoni kwa neno moja tu: pamejaa. Nimeudhika, kwa kuwa watu hao hao hutuomba michango. Ikiwa hawapokei, kazi yao ni ipi?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Dada yetu, kukurudisha bila maelezo halikuwa jambo la uungwana, lakini huenda aliyekurudisha amewaokoa watoto hao. Kuna maradhi ya paka yaitwayo panleukopenia, yanayoletwa na virusi vya jamii ya parvo, ambayo humfanya mtoto asiyechanjwa atapike na kuhara hadi aishiwe maji mwilini, na wengi hawamalizi juma. Virusi hivyo huweza kukaa sakafuni na kwenye matandiko hata mwaka mzima, na sabuni ya kufulia haiviui; hutakiwa dawa yenye klorini. Kizimba cha paka wawili kikitiwa sita, akapiga chafya mmoja mwenye tongo machoni, baada ya siku chache wote huwa na mafua, na anayewahudumia ni yule yule mmoja.

Msongamano huo hauanzii kwao, unaanzia barazani kwetu. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, huibeba kwa muda wa wiki tisa hivi, na huweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Sisi watu wa pwani twawapenda paka, na kichwa cha samaki hatuwanyimi, ila kumpeleka jike kwa daktari wa mifugo akafungwe kizazi twaona ni anasa ya wenye fedha. Majirani watano wakichangiana gharama ya jike mmoja, wameyapunguzia makao mzigo zaidi ya gunia la chakula. Paka wa mtaani aliyekwisha kufungwa kizazi kwa kawaida hukatwa ncha ya sikio, ili asikamatwe tena bure.

Kuhusu wanne wako: ikiwa mama yao bado yuko, warudishe kwake katika boksi lenye kitambaa kikavu, uwaache wanyonye hadi wiki ya nane. Usiwape maziwa ya ng'ombe, kwani huwaharisha. Mlishe mama yao vizuri, naye atawalisha. Mfungie ndani asifikiwe na mashume, na watoto wakishaacha kunyonya, apelekwe kwa daktari. Huo ndio muda wa kuwatafutia wenyewe, na ni vyema kila anayechukua mmoja akubali mapema kumchanja na kumfunga kizazi.

Ama makao hayo, wapelekee magazeti ya zamani na mashuka yaliyochakaa, kwa maana hutandika vizimba kila siku. Na ikiwa stoo yako itabaki tupu baada ya hawa wanne, rudi langoni ukawaulize kama wana paka mgonjwa anayehitaji kulelewa nje kwa wiki tatu au nne, hadi apone.