Kadi ya bima, dripu na saini yako

SWALI: Assalaamu alaykum. Mwanangu wa miaka miwili aliharisha, nikampeleka hospitali ya binafsi kwa kadi ya bima. Akatundikiwa dripu, akapimwa damu mara mbili, nami nikatia saini fomu ya bima. Mtoto wa jirani kaharisha vivyo hivyo. Kituo cha serikali kikampa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki, akarudi nyumbani. Nani katibiwa vizuri?
Mama Wawili, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Ikiwa mwanao alikuwa bado ananywa, basi aliyetibiwa vizuri ni wa jirani. Dripu ni ya mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, macho yamedidimia, na ukifinya ngozi ya tumbo inachelewa kurudi.

Bima nyingi hulipa kwa kila huduma: dripu na bei yake, sindano na bei yake, kila kipimo na bei yake. Pakiti za ORS haziingizi kitu. Daktari si lazima awe mwizi. Malipo yenyewe yanamvuta upande huo. Muuguzi wa serikali ana mshahara wake, atundike dripu asitundike. Kasoro ya huko ni nyingine: dawa zikiisha, unaandikiwa ukanunue.

Bima nyingine hulipa kwa kichwa, yaani kituo hupewa kiwango kimoja kwa kila mwanachama, aje asije. Hapo hatari hugeuka, mgonjwa akapewa pungufu. Marekani, mfuko wa wazee wa Medicare ulianza 1983 kulipa hospitali kiwango maalumu kwa kila aina ya ugonjwa. Wagonjwa wakawa wanaruhusiwa mapema zaidi. Tangu 2012 hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30 hukatwa malipo. Ndiyo maana sisi tunasema mfuko unaolipa bila kukagua ubora unapoteza fedha za wanachama.

Kwako wewe, iwe kadi ni ya ZHSF (Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar) au ya kampuni: usitie saini fomu tupu, hata ukiambiwa "tutajaza baadaye". Soma tarehe, vipimo na idadi ya dawa. Dawa uliyoambiwa ukanunue nje isiwemo. Piga mstari nafasi zilizobaki, kisha ipige picha fomu kwa simu. Ukiona kilichozidi, wapelekee bima picha hiyo.

Na huyo mtoto, kama hakupewa zinki, kamwombee kituoni: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma.