Mbegu za mvengi zimegoma kuota

SWALI: Sisi ni kikundi cha wakulima wa vinyungu (bustani za mabondeni) wilayani Mufindi. Chemchemi yetu inapungua na tumeshauriwa kupanda mivengi, miti ya asili inayopenda kandokando ya maji. Tuliokota matunda, tukaanika mbegu juani wiki nzima, tukazitunza kwenye mfuko miezi miwili ndipo tukazisia. Haikuota hata moja. Je, zimwagiwe maji ya moto kama za miwati? Na mikaratusi iliyozunguka chemchemi, tuikate yote kwa mpigo?

JIBU: Maji ya moto hapana. Mbegu ya muwati ina ganda gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana hulainishwa kwa maji ya moto. Ya mvengi ni mbegu mbichi iliyojaa maji, na ikikauka kiini chake hufa. Jua la wiki ile ndilo lililoziua, na hata bila jua zisingedumu miezi miwili mfukoni.

Safari hii chumeni matunda yaliyoiva hadi kuwa zambarau iliyokolea, au okoteni yaliyodondoka siku hiyohiyo. Yaloweke usiku mmoja, asubuhi yapikicheni juu ya chekeche hadi nyama itoke yote, kwani ikibaki huvuta ukungu na sisimizi. Mbegu zinazoelea mzitupe. Zilizozama zisieni siku hiyo. Mkilazimika kusubiri, zichanganyeni na mchanga mbichi kivulini, na isizidi siku chache.

Udongo wa viriba (vifuko vya kuoteshea miche) uwe ndoo 3 za udongo wa juu wa msituni, 1 ya samadi iliyooza vizuri na 1 ya mchanga. Kila kiriba mbegu moja, sentimeta 1 tu chini. Wekeni kichanja cha nyasi juu, mwagilieni asubuhi na jioni bila kutuamisha maji. Miche huanza kujitokeza kuanzia wiki ya tatu hivi, na mingine hukawia zaidi ya mwezi, kwa hiyo msimwage udongo mapema. Mizizi ikianza kutoboa kiriba, inueni na kuikata, la sivyo mche utajishikiza kitaluni na kunyauka siku ya kuhamishwa. Mwezi wa mwisho kabla ya kupanda, punguzeni kivuli kidogokidogo.

Pandeni mvua zikishakolea, Desemba hadi Januari, miche ikiwa na sentimeta 30 au zaidi. Shimo sentimeta 40 kwa 40, nafasi mita 4 hadi 5. Mvengi mkubwa hustahimili ardhi ya majimaji, lakini mche uliozama kwenye maji yaliyotuama huoza shingo. Kwenye tope uwekeni juu ya tuta. Bondeni baridi hutuama, na Juni hadi Julai umande unaoganda huunguza majani machanga. Funikeni kwa nyasi usiku katika miaka miwili ya mwanzo. Ng'ombe nao wazuieni kwa miiba.

Kuhusu mikaratusi, anzeni na iliyo karibu kabisa na jicho la chemchemi, mwishoni mwa kiangazi. Yote kwa mpigo kwenye mteremko itaacha udongo wazi na mvua za kwanza zitaushusha kwenye chemchemi. Visiki msiving'oe, maana mizizi yake bado inashika ardhi. Kazi kubwa ni machipukizi: mkaratusi uliokatwa huchipua upya kwa nguvu, basi yakwanyueni kila mwezi hadi kisiki kichoke. Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa.

Na tuseme wazi: mvengi nao hunywa maji. Haumwagi maji ardhini. Kinachorudisha chemchemi ni udongo uliofunikwa mwaka mzima, usiolimwa, unaopokea mvua badala ya kuiacha iteremke. Mkiendelea kulima vinyungu hadi ukingoni, mivengi haitawaokoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito.

SWALI: Kuna miti miwili inayofanana huku Makete. Nitaujuaje mvengi wa kweli, na matunda yake yanaliwa?

JIBU: Tazama kikonyo cha jani. La mvengi halina kikonyo, au ni kifupi mno; sehemu yake ya chini ina umbo la moyo na hukumbatia tawi, na majani hukaa mawiliwili yakitazamana. Jani likining'inia kwa kikonyo kirefu, huo ni mzambarau mwitu, ndugu yake. Matunda ya yote miwili yanaliwa, ya mvengi yana uchachu kidogo. Maua yake yana nekta nyingi, kwa hiyo mwenye mizinga aitundike jirani.