Nyinyi mnaoshika mikisa ya taarabu kwa mara ya kwanza

Mfunguo Mosi unayoyoma, harusi zimerudi, na mimi tangu Idi nimekuwa nikikaa pembeni ya jukwaa nikiwatazama vijana wetu wapya wa mitambo wakishika mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti. Mbele za watu nimejizuia kusema. Lakini yule aliyemwendea mpiga fidla na simu mkononi, akamwonesha sindano nyekundu ya programu ya kupimia noti na kumwambia, "Maalimu, noti yako ya tatu haijakaa," ndiye aliyenifanya niandike. Mwanangu, ile ni rasti, moja ya makamu, yaani ngazi zetu za noti. Noti ya tatu ya rasti inakaa baina ya noti mbili unazozijua wewe kwenye kinanda, na hiyo programu ya simu yako haijawahi kukaa na mpiga taarabu wa Malindi, mtaa wetu hapa Unguja. Maalimu alicheka tu, akakwambia ahsante. Ana adabu kuliko mimi.

Haya ni kwa nyinyi mliotoka kwenye disko toto, kwenye kampeni na kwenye bongo fleva, mkaletwa kwetu msimu huu kwa sababu mafundi hawatoshi. Kufunga mitambo mnajua. Sitokufundisheni waya gani unaingia wapi.

1. Fikeni mara baada ya Alasiri, testi zote ziishe kabla ya Magharibi. Ukianza "haloo, haloo, moja mbili" huku adhana ya Isha inatoka msikiti wa jirani, wazee wa mtaa hawatakutafuta wewe. Watanitafuta mimi, maana mimi ndiye wanayemjua.

2. Mbele ya jukwaa ni njia ya watu. Msipange monita nne pale mkamzungushia mwimbaji ukuta. Kwenye muziki mliouzoea, watu wa mbele wanarukaruka na mabaunsa wanawazuia. Kwetu watu wa mbele ndio wanaokuja jukwaani. Ubeti ukimgusa Bi mmoja aliyekaa safu ya tatu, atainuka, atajitengeneza kanga, ataikunja noti yake ya fedha baina ya vidole viwili, na atakuja taratibu akifuata pigo la ngoma ya dumbaki, wala hana haraka, kwa sababu anataka aonekane na yule anayetakiwa amuone. Atatunza, yaani atampa mwimbaji noti ile, atacheza kidogo mabega, atarudi kwa njia ile ile. Safari yote hiyo anaangalia watu, haangalii chini. Sasa wewe umelaza waya wa maiki katikati ya njia bila selotepu!

Monita wekeni pembeni, zimtazame mwimbaji kwa ubavu. Zitatosha, kwa sababu wapiga vyombo wote wako nyuma yake. Na maiki yake iwe kwenye standi, mikono ibaki huru kupokea. Mwimbaji anayeshika maiki kwa mkono mmoja na noti kwa mkono wa pili, mtasikia kruu kruu wimbo mzima. Standi yenyewe msiiweke karibu mno na ukingo. Msimu mmoja Bi mmoja alikwenda kutunza, akamnong'oneza mwimbaji, "Huo ubeti urudie, aliyevaa kijani hajausikia." Maiki ilikuwa pale pale. Uwanja mzima ukageuka kumtafuta aliyevaa kijani, na walikuwapo watatu.

3. Maneno kwanza, vyombo baadaye. Nimeona mikisa zenu: kila mwimbaji kamwagiwa eko, ule mwangwi wa mtambo, mpaka anaimba kama yumo ndani ya birika. Watu hawakulipa kiingilio kusikiliza eko. Wamekuja kusikiliza fumbo, nao wanajua limetungiwa nani. Silabi moja ikipotea, fumbo limepotea, na mtu hainuki kutunza kitu ambacho hakukisikia. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwa mitambo ya wakati ule, na mpaka leo kwenye santuri zilizochakaa unapata neno analolisema. Nyinyi mna chaneli ishirini na nne, na juzi nilimsikia mwimbaji wetu akisema "mpenzi wangu wa mmmmmh".

Punguzeni besi pia. Dumbaki na besi vina nguvu zao wenyewe, havihitaji sabuufa mbili. Sabuufa ikikoroma, kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na nai, ile filimbi ya mwanzi, hazipo tena.

4. Kanuni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake upande wa kulia limekalia ngozi. Usiku ukiingia na unyevu wa bahari, ngozi inalegea, na chombo kilichokuwa sawa Alasiri kinakuwa si sawa saa tatu usiku. Kwa hivyo mpigaji anarekebisha baina ya nyimbo. Anazungusha ufunguo, analaza na kusimamisha vile vijichuma vya upande wa kushoto kufuata makamu ya wimbo unaokuja, anadonoa, anasikiliza, anadonoa tena. Haya nayajua leo.

Wakati ule nilikuwa nimetoka disko toto, kazi ambayo kimya kidogo tu ni kosa: muziki ukinyamaza watoto wanaanza kulia na wazazi wanaanza kudai fedha zao. Nilikuwa na flashi imejaa nyimbo, na kidole changu hakikuwa mbali nayo. Ilikuwa Idi pili, shamba, uwanja wa skuli, watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Wazee kadhaa walitoka mjini kwa daladala, wakakaa safu ya mbele, na walikuja kwa ajili ya mpiga kanuni tu. Hilo nalo nililijua baadaye.

Wimbo ukamalizika kwa vigelegele. Waitikiaji wakakaa kunywa maji. Mzee wa kanuni akainama, akaanza: ting, ting, ting. Nikasema moyoni, huyu anarekebisha, watu watachoka. Nikateremsha chaneli yake mpaka chini, nikapandisha flashi. Uwanja ukajaa muziki. Nilijiona fundi hasa. Nikaegemea kiti, nikafungua soda.

Kumbe zile ting tatu ndizo zilizokuwa za kurekebisha. Zilizofuata zilikuwa taksimu.

Kwa mgeni kabisa: taksimu ni pale mpigaji anapoachiwa peke yake kabla ya wimbo, anaizunguka makamu kwa vidole vyake, hakuna kilichoandikwa, na mwimbaji anasikiliza ili ajue atashukia wapi. Mzee alikuwa kafumba macho. Kwenye vidole vyake viwili vya shahada ana vile vipete vyenye risha za kudonolea, na vidole vinakimbia juu ya nyuzi, na hakuna anayesikia hata uzi mmoja. Pengine alidhani fujo ile ni ya mtaa wa pili, maana siku ya Idi kila pembe ina spika. Wazee wa safu ya mbele wakaanza kugeuza shingo kunitazama. Mmoja akanyanyua kiganja, akakishusha polepole. Nikamwelewa: anataka nipunguze. Nikapunguza flashi kidogo, nikamwonesha dole gumba. Mpiga udi akanitolea macho. Naye nikampa dole gumba.

Mzee akafumbua macho. Akatazama spika, akatazama meza yangu. Akavua kipete cha kulia, akavua cha kushoto, akaviweka juu ya uso wa kanuni, akakunja mikono mapajani. Akangoja wimbo wangu umalizike. Na ulikuwa mrefu, jamani, ule wa kurudiarudia kiitikio mpaka mwenyewe unaona haya. Hakuna aliyepiga kelele. Wallahi ningetukanwa ningeshukuru. Aliyenifumbua macho ni mtoto muuza karanga aliyekuwa amesimama nyuma ya meza: "Kaka, babu alikuwa anapiga."

Nikaizima flashi. Nikapandisha chaneli kwa mkono unaotetemeka, nikaipandisha kupita kiasi, maiki ikalia mlio uliowaziba watu masikio. Mzee akavaa vipete vyake upya na kupiga taksimu fupi, ya kumwonesha mwimbaji mlango tu, kisha wimbo ukaingia. Ile ya kwanza hakuirudia, na haiwezi kurudiwa. Wale wazee wa mjini walirudi nyumbani bila ya walichokijia, na nauli walilipa.

Tulipokuwa tunapakia vyombo nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia nije mazoezini, nisije na mikisa. Nikaenda. Akaniketisha ubavuni mwake usiku mzima, na kila mara akinyamaza ananiuliza, "Sasa hivi narekebisha au napiga?" Nikajibu, nikakosa. Waitikiaji wakawa wanacheka mpaka wanakosa kuitikia. Kwa kweli alikuwa ananihadaa makusudi: anaanza kama anarekebisha, anaingia makamu ya bayati kimya kimya, halafu anageuka kuniangalia.

Alama niliyotoka nayo ni hii. Mtazame mkononi. Akiwa na ufunguo, anarekebisha. Ufunguo ukishawekwa chini, chaneli ya kanuni haiguswi, hata kama unaona hapigi kitu. Mtazame na mpiga fidla: akiishika noti moja kwa utulivu chini ya kanuni, taksimu imeshaanza zamani, wewe ulikuwa unatafuta soda.

Kwa hivyo Idi hii nilipoona mmoja wenu anachomeka flashi huku mpiga kanuni ameinama, nilikuja mbio na kuichomoa bila salamu. Mliniona mkali. Flashi yako ninayo, njoo uichukue, ina nyimbo nzuri.

5. Umeme. Ukikatika, zimeni amplifaya hapo hapo kabla haujarudi. Ukirudi, washeni mikisa kwanza na amplifaya mwisho. Wengine wenu mlikuwa wadogo mwaka 2008 umeme unaotoka Bara ulipokatika, Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Sisi tuliofanya kazi misimu ile tunajua jenereta linawekwa wapi: nyuma ya jengo, upande upepo unakokwenda. Nyinyi mnaliweka nyuma ya waitikiaji. Akina Bi wanaimba, wanakohoa, wanaimba.

Na ikiwa hakuna umeme wala jenereta, msiwaambie watu onyesho limevunjika. Hamna mamlaka hayo. Ikhwani Safaa, kikundi chetu kikongwe cha taarabu, ilianzishwa 1905, na watu waliisikia bila spika zenu. Wasogezeni watu karibu, zimeni injini za pikipiki, mkae.

6. Mvua. Idi haingoji hali ya hewa. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 Idi el Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili, masika yenyewe, na bado kuna fundi alikuja uwanjani bila turubai. Turubai la kwanza ni la kanuni na fidla, la pili la mikisa. Wewe utalowa.

7. Upepo ukivuma, valisheni maiki sponji. Kwenye fidla, maiki mbili za juu zinatosha safu nzima, si lazima kila mpiga fidla afungiwe yake kama mgonjwa wa wadi.

8. Jifunzeni mpangilio wa usiku. Mkisikia bashrafu, ile ya vyombo vitupu ya kufungulia, msikae mkingoja mwimbaji aje ndipo muanze kazi. Hapo ndipo pa kupima vyombo vyote baina yao, kwa sababu vyote vinapiga na hakuna mwimbaji wa kufunikwa. Nikiona fundi yuko kwenye simu wakati wa bashrafu, najua usiku utakuwa mrefu. Pia jueni majina ya nyimbo za kikundi mnachokifungia na jinsi zinavyoanza. Kwa hili hakuna njia ya mkato: nendeni mazoezini. Culture Musical Club, kikundi cha taarabu, wako Vuga tangu zamani, simameni hata dirishani, hakuna atakayekufukuzeni. Vijana waliopita chuo cha muziki cha nchi za majahazi nao wapo, waulizeni, wanapenda kuulizwa. Wanapenda mno, kwa kweli, tengeni muda.

9. Chakula kikija, wapiga vyombo wanatangulia. Sisi tunakula waya zikishakunjwa. Najua mnachoka, najua mnabeba spika nzito kwenye ngazi za Mji Mkongwe ambazo hazikujengwa kwa ajili ya spika, na najua malipo. Nimeshazungumza na wenyewe kuhusu malipo, Mfunguo Tatu mtaona tofauti kidogo. Kidogo.

Idi el Haj tuna maonyesho mawili mjini na moja shamba. Waliofunga mitambo vizuri Idi hii, na wapo, hasa yule binti aliyezibandika waya zote kwa selotepu kabla hata sijamwambia, majina yao nimeshayaandika. Na aliyeondoka na waya wangu wa jeki wa mita kumi anajijua. Autie dukani kwa muuza urojo, nitaupitia kabla ya Jumamosi.